Mganga wa Mbuzi na Ng'ombe wa Kasilda

Siku Jovina alipoingia Burundi kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na miaka kumi na miwili, na kila aliyekutana naye alimwambia: pole na safari, hatimaye umerudi. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi, upande wa Tanzania. Nchi hii waliyosema amerudi alikuwa akiijua kwa masimulizi ya baba yake Fabiano tu, ambaye kila alipoitaja kwao Butihinda alinyoosha mkono kuelekea huko, hata kama wamekaa ndani, mlango umefungwa.

Huko Butihinda masomo yalikuwa kwa Kifaransa, lugha ambayo Jovina hakuwa na neno lake hata moja. Kirundi alikijua, lakini kilikuwa Kirundi cha jikoni kwa mama yake, kimechanganyika na Kiswahili kiasi kwamba wenzake walikuwa wakimwita Mtanzania na kumwomba aseme kitu ili wacheke. Alirudishwa madarasa mawili nyuma. Akawa mtoto wa kunyamaza, isipokuwa kwenye hesabu. Namba hazikumuuliza alikulia wapi.

Mwalimu wa hesabu aliitwa Simoni, naye alikuwa amesomea Tanzania, kwa hiyo baada ya kipindi alikubali maswali kwa Kiswahili. Jovina akawa anayahifadhi yote mpaka kengele ilie. Siku moja Simoni aliwatoa darasa zima nje, akakata fito ya mkaratusi, akawaambia wapime uwanja wa shule, ambao kama viwanja vyote vya huko ulikuwa umelala kwenye mteremko. Wakapima, wakapata fito ishirini. Akaivunja fito katikati, akawaambia wapime tena. Arobaini.

"Fito imefupika, hesabu imeongezeka," alisema Simoni. "Je, uwanja umekua?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi ili uwanja ubaki uleule, hesabu imelazimika kwenda kinyume na fito. Sasa nipimieni kingine. Ukipanda mlima fito moja, unainuka kiasi gani?"

Wakahangaika na kamba na chupa ya maji hadi wakapata jibu: kwa fito ndefu unainuka shubiri nne, kwa fito fupi shubiri mbili.

"Mnaona? Hii haikwenda kinyume. Hii imeifuata fito." Akaandika ubaoni maneno mawili, kovarianti kwa kinachofuata, kontravarianti kwa kinachokwenda kinyume, kisha akayafuta kwa mkono wa shati. "Hayamo kwenye mtihani. Nimeyasema kwa sababu ni mazuri."

Wengine walicheka wakarudi darasani. Jovina alibaki ameshika ile nusu ya fito. Alikuwa hajawahi kumsikia mtu mzima akisema kwamba kitu cha shuleni ni kizuri.

Ndivyo alivyokuwa tangu wakati huo hadi leo: mtu wa kutaka kujua kitu kinaelekea wapi, na kwa nini. Alifaulu, akaenda Bujumbura chuoni, akajifunza kuandika programu za kompyuta, na alipomaliza akapata kazi Gitega kwa Mahmudu. Huyu Mahmudu alikuwa mtoto wa ukoo wa wauza vitambaa wa mtaa wa Waswahili. Nduguze walipofungua duka la pili na la tatu, yeye alichukua vyumba vya juu ya duka la kwanza, akaweka kompyuta tano na jenereta moja, na humo ikazaliwa huduma aliyoiita Zizi.

Zizi ilikuwa ni kitu rahisi kueleza. Mfugaji mwenye simu yoyote, hata ile ya vitufe, anapiga namba fupi, anachagua mnyama wake na shida aliyonayo, na Zizi inamtafutia mganga wa mifugo aliye karibu. Mganga akikubali, anapanda pikipiki anakwenda. Kwa miaka hii ambayo petroli inapangiwa foleni tangu alfajiri, kumpata mganga wa karibu halikuwa jambo dogo. Mtu hawezi kuwazunguka waganga watatu kwa tangi moja.

Programu yenyewe waliiandika watu wawili, Jovina na Audax. Audax alimtangulia kazini, ni mwepesi wa mkono na mcheshi, na walikuwa na desturi nzuri: anachoandika mmoja, mwingine anakisoma kabla hakijaanza kutumika. Chama cha waganga wa mbuzi na kondoo cha Nyarusange kilipoomba kujiunga, Audax ndiye aliyeandika sehemu ya kuwaingiza. Kulikuwa na orodha ya waganga wa mifugo kwa ajili ya dharura. Mbuzi ni mfugo, kondoo ni mfugo. Akawaunganisha wote na orodha hiyo. Jovina akasoma, akaona sawa. Hata mkaguzi, ile programu inayosoma maandishi yao na kupiga kelele penye kosa, hakusema kitu.

Wiki chache baadaye, asubuhi ya mvua, mjane mmoja wa Makebuko aitwaye Kasilda aliamka akakuta ng'ombe wake amelala kwa ubavu, ukwato mmoja wa ndama umetokeza, na hakuna kinachoendelea. Alipiga Zizi. Jibu lilikuja upesi: mganga yuko njiani. Majirani waliotaka kumwita mganga mwingine wakaambiwa watulie.

Aliyefika alikuwa kijana wa Nyarusange, Ignasi, amelowa hadi mifupani. Alipomwona mnyama alisimama mlangoni mwa zizi bila kuvua kofia ya pikipiki.

"Mama," alisema, "mimi ni mganga wa mbuzi."

Hata hivyo hakukimbia. Alijaribu, na majirani wakavuta kamba pamoja naye. Baada ya muda mrefu ng'ombe aliokoka, ndama hakuokoka. Ndama huyo alikuwa jike.

Ignasi alikuja ofisini mwenyewe, siku iliyofuata, akapanda ngazi na matope yake. Mahmudu alimpokea kwa ukali.

"We ulipokea simu, ukakubali. Juu ya nini ulikubali kama hujui ng'ombe?"

"Patroni, kwenye simu yangu iliandikwa 'mfugo, dharura ya kuzaa'. Haikuandikwa ng'ombe. Siku zote mnanitumia mbuzi. Mi nilijua iko mbuzi."

Mahmudu akageuka kuwatazama vijana wake wa kompyuta. Audax alikuwa amekwisha kufungua maandishi. Alitafuta kwa dakika chache tu, akaona, akaguna.

"Ni hapa," alisema. "Bon, si kazi kubwa. Nitaweka mstari mmoja: kama mnyama iko ng'ombe, watu wa Nyarusange wasiitwe. Mchana huu imekwisha."

"Weka," alisema Jovina. "Lakini mkaguzi alinyamaza kwa nini?"

Audax aliinua mabega. Mashine hunyamaza mara nyingi, nani ana nafasi ya kuiuliza? Lakini Jovina hakuweza kuliacha. Kilichomsumbua hakikuwa ule mstari wenye kosa. Kilichomsumbua ni kwamba aliusoma kwa macho yake mawili na ukaonekana kweli. Hata sasa, akijua ndama amekufa, akiusoma upya ulionekana kweli: mbuzi ni mfugo, basi mganga wa mbuzi ni mganga wa mifugo. Uongo uko wapi hapo?

Kabla ya kufanya lolote alikwenda Makebuko. Hakutumwa. Mahmudu alimwonya kwamba mama yule anaweza kumfukuza, naye akasema akimfukuza ataondoka.

Kasilda hakumfukuza. Alimpa kigoda, akaendelea kumkatia ng'ombe majani ya tembo kwa panga. Jovina alijieleza kwa Kirundi, kwa lafudhi yake ileile ya ng'ambo ya mpaka. Alisema yeye ni mmoja wa walioandika kitu kilichomtuma Ignasi, na amekuja kumwomba radhi.

"Kijana yule alilia," alisema Kasilda. "Mimi nilikuwa na hasira, lakini alipolia ikabidi nimpe maji ya kunawa." Akasimama, panga mkononi. "Lakini nieleze, mwanangu. Mimi nilipiga kwenu nikitaka mganga wa mifugo. Mbuzi si mfugo?"

"Ni mfugo, mama."

"Basi kosa ni nini? Jirani yangu akiniambia niletee mfugo wa kuchinja harusini, nikimpelekea mbuzi, atanilaumu?"

"Hawezi kukulaumu."

"Kwa hiyo?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Jovina hivyo, na mama huyu hakuwa akimtega, alitaka kujua kilichomuua ndama wake. Ilimbidi ajibu polepole, akilitafuta jibu huku akilisema.

"Mama, ukimpelekea jirani mbuzi, wewe unatoa. Aliyeomba mfugo wowote, akipewa mbuzi, amepata alichoomba. Lakini mganga hatoi mnyama, anampokea. Aliyeomba mganga wa mfugo wowote anaweza kumletea ng'ombe, au nguruwe, au chochote. Sasa akipewa mtu anayepokea mbuzi peke yake... Kwa anayetoa, mbuzi anatosha mahali pa mfugo. Kwa anayepokea, mambo yanageuka. Mganga wa mifugo yote ndiye anayetosha mahali pa mganga wa mbuzi. Si huyu mahali pa yule."

"Yanageuka," alisema Kasilda.

"Ndiyo, mama. Mwelekeo unageuka. Sisi tuliuacha uende moja kwa moja."

Kasilda alimtupia ng'ombe majani. "Basi nendeni mkaugeuze," alisema, "maana huyu nimebaki naye, na nyumba hii ya jirani wana ng'ombe wawili."

Barabarani kurudi Gitega, nyuma ya pikipiki, Jovina alikuwa akisema peke yake kwa sauti hata dereva akamuuliza kama amemwita. Maneno ya chuoni yalikuwa yakipata uhai: kovariansi, kontravariansi. Aliyakariri akiwa Bujumbura, akayaandika kwenye mtihani, akapata alama nzuri, na hakuwahi kuyaamini. Aina za vitu vinavyotoa hufuata mwelekeo wa kile kinachotolewa. Aina za vitu vinavyopokea huenda kinyume. Alikuwa akilijua hilo kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajawahi kufika.

Ofisini alitafuta siku nzima ndani ya maelezo ya lugha ya kompyuta waliyoitumia kuandika programu, hadi akakipata alichokitaka. Mkaguzi wao alikuwa na uwezo wa kuona makosa ya namna hii, lakini uwezo huo ulikuwa umezimwa tangu mwanzo wa kazi, kama taa ya chumba kisichotumika. Aliuwasha. Kioo chote cha kompyuta kikajaa maandishi mekundu.

Audax alisogeza kiti. "Yoo! Yote hii ni makosa?"

"Sijui. Baadhi yatakuwa hayana madhara. Lakini hatuwezi kujua lipi ni lipi bila kusoma yote."

Wakamwita Mahmudu. Jovina akamwambia anachotaka: huduma yote ya dharura isimame mpaka wamalize. Wafugaji wapewe namba za waganga wa tarafa zao, wapige wenyewe, hadi Zizi itakapokuwa ya kuaminika.

Mahmudu alikaa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeahidi. Mwezi uleule Zizi ilikuwa ifunguliwe mkoani Muyinga, na tarafa ya kwanza ingekuwa Butihinda. Wakuu walikwisha kualikwa.

"Dada Jovina, Audax ameshaweka mstari wake. Ile kosa haiko tena. We unataka tufunge duka juu ya kosa ambayo hatujaona?"

"Ile ya Makebuko pia hatukuiona, kaka Mahmudu. Mimi mwenyewe niliisoma nikaipitisha."

"Na Butihinda iko kwenu. Mzee wako ameambia watu wote. Utamwambia nini?"

Hapo alimgusa penyewe. Fabiano, ambaye miaka yote ile tangu warudi alikuwa akihesabiwa na majirani kama mtu wa juzi, alikuwa amesimama kanisani na kutangaza kwamba binti yake analeta kitu.

"Nitamwambia angoje," alisema Jovina. "Ni afadhali angoje kuliko nimpelekee mganga asiye wake."

Mahmudu alimtazama Audax, akitumaini msaada. Audax alijikuna kidevu. "Patroni," alisema, "mi nilicheka kwanza. Lakini Jovina iko na haki."

"Alors fungeni," alisema Mahmudu, akainuka. Alipofika mlangoni akageuka. "Lakini mnieleze vizuri, ili nami nieleze wakubwa. Nisionekane mjinga." Na Jovina akamweleza, kwa vitambaa vya duka la chini: anayeuza kitenge anauza kitambaa, lakini fundi anayeweza kushona kitenge tu si fundi wa kila kitambaa. Mahmudu alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Yeye alikulia miguuni mwa mafundi, hilo halikuhitaji kurudiwa.

Simu aliyopiga Butihinda ilikuwa fupi. Fabiano alisikiliza, akauliza kama amefukuzwa kazi, akaambiwa hapana, akasema, "Basi maliza kazi yako, mwanangu. Mimi nimezoea kungoja."

Walisoma kila mstari. Mengi ya makosa yale kweli hayakuwa na madhara, machache yalikuwa ya kutisha, na katikati yake wakakuta jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Kwa kuwa walikuwa wameuelewa mwelekeo vibaya, walikuwa wameukosea pande zote mbili. Orodha ya waganga wa mbuzi ilikuwa na waganga wa mbuzi tu. Madaktari wa mifugo yote, watu waliosomea kila mnyama, hawakuruhusiwa kuingia humo. Kuna vijiji ambavyo Zizi ilikuwa ikimjibu mwenye mbuzi kwamba hakuna mganga, na daktari mzima anaishi mtaa wa pili.

"Tumewanyima watu kwa kosa lilelile," alisema Jovina. Wakaugeuza mwelekeo, mahali pote. Mkaguzi alinyamaza tena, na sasa walijua kwa nini amenyamaza.

Zizi ilifunguliwa Butihinda mwanzoni mwa kiangazi. Wakuu walikuja wakaondoka. Jovina alibaki kwa baba yake siku mbili zaidi, akiwafundisha wafugaji kubonyeza namba. Siku ya pili, jua likiwa utosini, jirani aitwaye Upendo alikuja mbio: mbuzi wake anazaa na amekwama. Jovina hakumshikia simu. Alisimama kando, mikono nyuma, akamwacha Upendo abonyeze mwenyewe.

Jibu likaja: Dokteri Saidi, kutoka Muyinga mjini, leo yuko huku karibu na mpaka.

"Saidi?" alisema mzee mmoja. "Yule si wa ng'ombe? Sisi tunataka mtu wa mbuzi!"

"Ni wa wanyama wote, mzee," alisema Jovina. "Na mbuzi yumo."

Dokteri Saidi alifika, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma na buti za mpira, akapiga magoti bila kusalimia sana. Alikuwa na mikono mikubwa na subira kubwa zaidi. Alimgeuza mtoto wa kwanza, akamtoa. Akaingiza mkono tena, akatabasamu, akamtoa wa pili. Upendo alipiga vigelegele. Fabiano alikwenda akasimama ubavuni mwa binti yake, akawa akimwambia kila jirani aliyepita kutazama jambo moja tu: "Huyu ni Jovina." Wote walikuwa wakimjua, lakini waliitikia kana kwamba ndiyo kwanza wanatambulishwa.

Saidi alikuwa akinawa mikono ndipo jamaa mmoja aliyekuwa amesimama nyuma ya watu muda wote, jina lake Fredi, alipopata ujasiri wa kusogea. Aliitazama ile kofia ya kufuma, akatazama chini.

"Dokteri, samahani. Mimi... nina mnyama wangu nyumbani, hali chakula tangu jana. Lakini naona haya kukuambia ni mnyama gani."

Watu walianza kucheka, wakajizuia. Saidi alijifuta mikono taratibu.

"Iko nguruwe?"

"Ndiyo, dokteri."

"Mi sili," alisema Saidi, akichukua mkoba wake. "Lakini kutibu, natibu. Tangulia, nionyeshe njia."

Kicheko kilichozuiwa kikatoka chote. Jovina alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akafuta macho, akavua viatu vyake vya mjini, akaazima ndara za Upendo, na kuwafuata wale wawili kwenye kijia cha migombani. Alitaka kujua kama Fredi, akifika nyumbani, angejua kubonyeza namba ya nguruwe, au kama hata hapo kulikuwa na kitu cha kurekebisha.